Usituambie Tusimame Wapi

Kibua, Walikale
Tarehe 2 mwezi ya tano 2022

Mukamwana wangu Uwamariya,

Nakusalimia weye na wazazi wako. Mimi niko muzima, ni kiuno tu njo inakataa. Katekista alinifikishia barua yako na picha ya siku ya mahari. Aliibeba ndani ya Biblia, haikukunjamana hata kidogo.

Sasa nikuambie kweli, juu sisi hatujaonana bado na ni muzuri tuanze na kweli. Ile picha sikuipenda. Weye uko muzuri, kila muntu hapa alisema. Lakini nyuma yenu iko manyumba ya vioo na maji ya kuruka juu, na mimi najua ni kitambaa ya studio tu, Sake haiko vile. Na mutoto yangu amesimama nyuma ya kiti yako kama muntu wa karte ya uchaguzi. Nilimuangalia mpaka jua ikazama, nikasema huyu ni nani. Nilimuzaa mimi mwenyewe na sikumujua.

Floribert haiko mutoto wa kusimama vile. Tangu mudogo mikono yake haitulie. Akianza kuongea, mikono inatangulia. Papa yake Léonard alikuwa anamupeleka porini kutega, na ni mutoto njo alikuwa anafunga kamba za mitego, juu vidole vyake vilikuwa vyepesi. Miaka tatu sasa sijaona ile mikono.

Kwenye harusi sitafika. Kiuno haiwezi siku mbili ya pikipiki, na barabara munaijua. Kwa hiyo naomba kitu moja. Munitumie picha, lakini zisikuwe za kusimama. Mimi sitaki kuona picha, nataka kuona harusi. Nione nani alikuja, nani alilia, mutoto yangu anakula namna gani kwa meza ya wengine. Hapa watu wanasema Euphrasie ametupa mutoto yake kule kwa watu wa ng'ombe, hawatamupokea. Mimi nawaambia munyamaze. Lakini hata mimi nataka nione na macho yangu. Na wakati ya pete, nione mikono yake inakuvalisha. Njo hiyo tu.

Mama yako,
Euphrasie

*

Muheto, Masisi
14 Mei 2022

Mama mpendwa,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa, na watoto wangu wa mwaka wa tatu walipoona ninacheka peke yangu walidhani nimepata mshahara. Umesema kweli kuhusu picha ile. Mwenye studio alituambia tusipepese macho. Mimi nilifikiria macho tu, hata sikumbuki ilikuwa siku ya furaha.

Papa yangu Callixte anataka twende Shasha siku ya harusi, tupigwe picha kando ya ziwa, na gari la kukodi lenye riboni. Dada zangu wote wawili wanazo picha hizo: mkono shavuni, macho kwenye maji. Ukifunika nyuso huwezi kujua yupi ni yupi. Juzi nilimuuliza, "Papa, kwenye harusi ya dada Igiraneza unakumbuka nini?"

Akafikiri. "Nakumbuka ile mvua. Babu yako alicheza kwenye matope, viatu ameshika mkononi."

"Picha yake iko wapi?"

"Haipo. Tulikuwa Shasha."

"Basi, Papa. Mimi nataka ile ambayo haipo."

Hakukubali, lakini hakukataa pia. Nimempata mpiga picha mmoja wa Sake anayejua namna hiyo nyingine. Wao wanaiita ripotaji: mpiga picha anafuata mambo yanavyokwenda, hamwambii mtu asimame wapi. Zile za kusimama wanaziita za kupoza, na kweli, Mama, zimepoa kama bugali ya jana.

Floribert anakula vizuri. Kuhusu pete, nitamwambia mpiga picha awe karibu.

Mukamwana wako,
Uwamariya

*

Muheto
15 Mei 2022

Kaka Tuyishime,

Ni mimi mwalimu wa Muheto niliyefika studio kwako siku ya soko. Ulinionyesha albamu zako za maharusi, zote za kupoza, halafu ukaenda kumpiga mteja picha ya paspoti. Nilipokuwa nakungoja nilisogeza pazia la nyuma nikaziona zile ulizobandika ukutani. Wanakwaya wanavaa viatu nje ya kanisa. Mama muuza samaki anacheka huku mtoto anamvuta kikwembe. Baba wa bibi harusi yuko peke yake, anajifunga tai kwa kioo cha pikipiki, na mdomo wake umekaza kama mtu anayezuia kitu. Uliporudi ukasema, "Hizo si za kuuza, nilijipigia."

Ndizo ninazotaka. Harusi ni tarehe 25 Juni. Njoo nyumbani asubuhi wakati tunapika, uondoke watu wakichoka. Usipange mtu. Usiseme "angalieni hapa". Mtu akipiga miayo, amepiga miayo.

Kuna jambo lingine, na nakuomba likae kwako. Mkono wa kushoto wa Floribert unaishia kwenye kifundo. Mashine ya kusaga mahindi iliuchukua hapo Sake, unakaribia mwaka wa pili. Mama yake yuko Walikale, hajui. Floribert aliniapisha nisimwambie, na sitamwambia. Lakini sikuapa kumtengenezea mama uongo wa karatasi. Siku hiyo usiufuate mkono wake kama kitu cha maonyesho, wala usiukwepe. Upige kama unavyopiga mkono wa mtu yeyote.

Uwamariya

*

Sake
23 Mei 2022

Madame mwalimu,

Nimekubali, na nikuambie tangu ulipoondoka nimelitoa lile pazia. Lakini nikuonye kwanza kama mtu wa kazi. Kwenye ripotaji watu wanatafuna. Wanafumba macho. Poda yako itayeyuka saa nne na itaonekana. Papa yako ataniuliza kwa nini nimempiga shemeji yake akijikuna, na mimi nitakutuma wewe umjibu.

Sasa lile zito. Floribert alikuja jana. Hajui kama umeniandikia. Alikaa akasema, "Kaka, harusi utapiga wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi unipige upande wa kuume tu. Kifua kwenda juu. Na usichukue yoyote ambayo hujatupanga."

Nikamuuliza, "Bibi harusi anasemaje?"

"Bibi harusi usimwambie. Mwambie mashine yako haiwezi zile za mwendo."

Mwalimu, mimi nimezaliwa Sake, kwenye njia panda. Natazama magari ya Goma, ya Masisi na ya Minova, yote nayajua, ila sibebi siri za pande mbili. Nilimwambia nitakuandikia, akakasirika, akaenda zake. Mbele ya padiri siwezi kupiga harusi mbili kwa wakati mmoja, moja yako na nyingine yake. Ongeeni. Nitafanya mtakachokubaliana. Ila mkikubaliana kupoza, nitamtuma mdogo wangu, yeye anaweza.

Tuyishime

*

Muheto
27 Mei 2022

Floribert,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unacheka halafu unageuza maneno.

Tuyishime ameniambia. Usimlaumu. Nilikuwa nimemwambia nataka harusi ipigwe kama ilivyo, na wewe ukaenda kumwomba aseme mashine yake haiwezi. Kumbe hatujaoana bado na tayari kuna fundi katikati yetu anayefundishwa cha kunidanganya.

Nimekaa na barua ya mama yako siku hizi zote. Anasema kwenye picha ya mahari hakukujua. Anafikiri sisi ndio tumekubadilisha. Anafikiri labda kwetu hukaribishwi mezani, ndiyo maana umesimama kama mtu anayengoja kuitwa. Wewe unaficha mkono, yeye anadhani unaona aibu. Unadhani unamkinga, na kila picha unayomkinga nayo inamwambia kwamba mwanawe hana raha kwa watu wa ng'ombe.

Ameomba kuona mikono yako ikinivalisha pete. Nilimjibu kwa kuzunguka. Niliandika sentensi moja, si uongo, na niliona haya kuliko kama ningeandika uongo. Sitaandika nyingine ya namna hiyo.

Niambie unachoogopa. Sema chote.

Uwamariya

*

Sake
3 Juni 2022

Uwamariya,

Nitasema chote.

Wewe hukumwona papa yangu. Alirudi kutoka porini akibebwa na watu wanne, mti ulikuwa umemvunja mguu. Mama alimuuguza msimu mzima. Kila asubuhi alifungua kidonda, akakitazama, akatabasamu, akafunga, halafu akatoka nje kwenye migomba na kuimba kwa sauti, ili papa asikie kwamba mkewe anaimba. Sisi watoto tulikuwa tunamwona. Alikuwa anaimba machozi yakimshuka mpaka shingoni. Papa alipokufa, yule mama wa zamani naye hakurudi tena.

Siku mkanda wa mashine uliponivuta, kitu cha kwanza nilichowaza si mkono. Niliwaza: mama atatoka nje aende kwenye migomba. Nikasema hatajua mpaka nifike mwenyewe, anione ninatembea, ninacheka. Nikasema mwezi ujao. Kila mwezi nikasema mwezi ujao.

Hapa Sake watu wananijua. Wanaleta simu nizichaji, wanarudi kuzichukua, hakuna anayeniuliza. Kwa mama mimi bado ni mzima. Kuna mahali pamoja tu duniani ambapo bado nina mikono miwili, Uwamariya, na wewe unataka kunitoa hapo.

Ukimleta huyo fotografe na ripotaji yake, nitavaa koti na kuweka mkono mfukoni kuanzia asubuhi mpaka mwisho. Ao tusogeze harusi mpaka nijipange.

Floribert

*

Muheto
7 Juni 2022

Floribert,

Nimekusikia. Papa yako nimemlilia, ingawa sikumjua.

Harusi haisogei. Tuyishime atakuja, na hatamwambia mtu asimame wapi.

Mkono ni wako. Ukitaka kuuweka mfukoni siku nzima, hakuna atakayeutoa, mimi wa kwanza. Picha zitaonyesha mtu mwenye mkono mfukoni, basi. Na hili pia nimeliamua: hakuna picha itakayokwenda Kibua kabla wewe hujaishika. Utachagua wewe. Zikienda zote, sawa. Isipokwenda hata moja, nitamwandikia mama kwamba picha zipo, na kwamba wewe ndiye umezizuia. Siwezi zaidi ya hapo, na sitafanya pungufu.

Njoo tarehe 25. Mama yangu ameshaanza kuazima sufuria kwa majirani, huwezi kumwambia azirudishe.

Uwamariya

*

Sake
4 Julai 2022

Madame Floribert (nimeanza kuzoea kuandika hivyo),

Najua umerudi Muheto kumaliza mitihani ya watoto wako, ndiyo maana nakutumia picha zako na huyu dereva wa maziwa. Kabla hujazifungua nikueleze kidogo, kwa sababu nyingine zina hadithi.

Ile ya bibi yako Mukandori amelala, sahani magotini, ngoma iko hatua mbili kutoka sikioni mwake: usimwonyeshe, ataniroga.

Papa yako alinitesa. Kila nikigeuka nilimkuta amesimama wima, kidevu juu, ananingoja. Nikawa nampita. Mwishowe alichoka kuningoja, akakaa kula, na hapo ndipo nilipompata. Utaiona. Anamkatia Floribert nyama vipande vidogo vidogo huku anabishana na mjomba wako habari ya bei ya ng'ombe. Haangalii hata sahani. Kisu kinajua njia.

Sasa ya pete. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, sijui kama uliona nilichokiona. Alikuwa amekaa na koti lake na mkono mfukoni tangu asubuhi, kama alivyoahidi. Padiri akampa pete. Joto lilikuwa limekuvimbisha kidole. Akasukuma kwa mkono mmoja, na mkono wako ukarudi nyuma pamoja na pete. Akasukuma tena, ukarudi tena. Watu wakaanza kukohoa. Basi akautoa ule mkono mfukoni, akauweka chini ya kiganja chako kama mtu anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu, na pete ikaingia. Si kwamba aliamua. Alisahau. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake: alikuwa na kazi moja tu ya kufanya, na ilikuwa wewe.

Nilibonyeza mara moja.

Alikuja Ijumaa kuzitazama. Nilimpa zote kama ulivyoniagiza, nikatoka nje. Nimekuwa kwenye kazi hii muda mrefu na sijawahi kuogopa mteja namna ile. Nilipoingia alikuwa ameweka moja pembeni, imegeuzwa uso chini. Nikajua ni ya pete. Nikasema moyoni, sawa, ni haki yake.

"Hii hapana," akasema. Nikaigeuza. Ni ile ambayo mdomo wake umejaa wali. "Mama atasema sikulelewa."

Zote nyingine akazitia kwenye bahasha ya Kibua. Ile ya pete akaiweka juu kabisa. Akafikiri, akaitoa, akaiweka katikati. Hakuweka barua. Akaandika jina la mama yake juu, mwandiko mzuri kuliko wangu, akaniuliza, "Gundi unayo?"

Nimeipeleka mwenyewe kwa mtu anayekwenda Walikale. Imeshaondoka.

Tuyishime

*

Kibua
Tarehe 19 mwezi ya saba 2022

Uwamariya,

Bahasha ilifika. Nilifunga mulango, nikasema leo naenda harusi peke yangu.

Nilianza kucheka. Yule mama muzee analala pembeni ya ngoma. Wamama wenu wanapika, moshi inawatoa machozi, mumoja amevaa bottes, viatu ya mvua, chini ya kikwembe ya harusi. Weye unavalishwa na dada zako, unapiga kelele, nafikiri ni nywele wanavuta. Nilikujua mara moja. Nilisema huyu ni muntu, naweza kuishi naye.

Kiisha niliona papa yako anamukatia mutoto yangu nyama. Nikasema, juu ya nini? Floribert haiko mutoto mudogo. Nikafikiri labda njo desturi yenu, mukwe anakatiwa. Nikaiweka, nikakamata ingine.

Njo ile ya pete.

Jirani aliniita kwa dirisha, sikuitika. Niliikamata mpaka giza ikaingia ndani ya nyumba.

Sina kasirani na mashini ao kitu yoyote ilimukata, ile sijui. Nina kasirani na kitu ingine. Nimeangalia kila uso ndani ya ile picha. Padiri anaangalia pete. Mama yako anaangalia pete. Bakwaya, batoto, wote pete. Hata mumoja haangalie mukono. Mumezoea. Papa yako amezoea mpaka anakata nyama na macho iko kwengine. Inchi nzima imezoea mukono ya mutoto yangu, na mimi mama yake njo sijazoea. Munanifanya mugeni.

Kwa hiyo nataka majina. Nani alimufunga kidonda siku ya kwanza? Nani alimubeba? Weye ulikuwa wapi? Usiniandikie musamaha, sina kazi nayo. Niandikie majina.

Na nataka Floribert. Asitume sukari, asitume picha ingine. Aje na miguu yake. Mwambie mama yake haiko yai.

Ule fotografe mumupe asante yangu. Kama angewasimamisha, ningezikwa bila kujua.

Euphrasie

*

Sake
30 Julai 2022

Mama,

Haya ndiyo majina.

Aliyemfunga kidonda ni Mama Francine, anauza makaa kando ya mashine ya kusaga. Alichana kikwembe alichokuwa amevaa. Aliyembeba ni motard, dereva wa pikipiki, anaitwa Nsengimana, aliendesha huku Floribert amefungwa mgongoni mwake kwa kipande cha kikwembe hicho hicho. Muuguzi ni Papa Gustave. Alikaa naye mpaka homa ikashuka. Wote wako hai, na wote walikuwa harusini. Mama Francine ni yule wa bottes.

Umeuliza nilikuwa wapi. Sikuwepo. Nilimkuta akiwa ameshajifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja. Mimi sikuuzoea mkono wake, Mama. Mimi sikumjua mwingine. Yule wa mikono miwili ninamjua kwa barua zako tu, na ningependa siku moja unisimulie zaidi.

Floribert anaondoka kesho alfajiri. Amefungasha mwenyewe, hajaniruhusu hata kufunga zipu. Tangu barua yako ifike ameisoma mara nyingi, na kila akifika pale pa yai anasimama.

Uwamariya

*

Kibua
16 Agosti 2022

Mke wangu,

Nimefika salama. Barabara ilikuwa mbaya mpaka Nyabiondo, baada ya hapo ikawa mbaya zaidi, lakini kwenye vizuizi vyote nilipita.

Mama alikuwa anaanika mihogo. Alinitazama usoni, akasema, "Umefika." Akanipa maji, akanipa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Kuhusu mkono hakusema neno, hakuutazama. Nilitaka kuanza mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akasema, "Lala, umechoka."

Asubuhi aliniamsha, akanipa panga na kitunga, tukaenda shambani. Anatembea polepole, kiuno kweli kinamsumbua. Alikaa juu ya gogo na kuniambia nichimbe. Nikachimba. Akaniambia nikate kuni. Nikakata. Akanirushia kamba na kusema, "Funga."

Wewe unajua ninavyofunga. Mguu mmoja juu ya mzigo, ncha ya kamba kwenye meno, naizungusha kwa mkono wa kuume, nakaza kwa kifundo. Nilifunga.

"Tena," akasema.

Nikafungua, nikafunga.

"Tena."

Mara ya tatu aliinuka kwenye gogo. Akaufungua mzigo wangu yeye mwenyewe. Halafu akaweka mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, akakanyaga kuni, akashika kamba kwa meno, akajaribu. Ikamtoka. Akajaribu tena, kuni zikamwangukia mguuni. Nilitaka kumsaidia akanifukuza kwa kichwa, kamba iko mdomoni. Uwamariya, sijui alijaribu mara ngapi. Jua lilikuwa limeshapanda. Mwishowe fundo likashika, baya, limelegea, lakini limeshika. Akatema nyuzi za kamba, akakaa chini kwenye udongo, pumzi imemwisha.

"Iko nguvu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni ngumu."

Ndipo akanyoosha mkono akasema, "Lete." Nikampa. Aliushika kwa mikono yote miwili, akaupapasa kuanzia kiwiko mpaka mwisho, polepole, akabonyeza kovu kama anavyobonyeza muhogo kuona umeiva. Akaniuliza kama unauma wakati wa baridi. Nikasema unauma. Akauliza kama vidole bado ninavisikia. Nikamwambia wakati mwingine. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nililia pale shambani kama mtoto, naye aliniacha nilie, hakwenda kwenye migomba, hakuimba. Alikaa tu, ameushika.

Jumapili tulichelewa misa kwa sababu ya kiuno chake. Mlangoni aliniambia nisimame, akanikunjia shati mpaka kwenye kiwiko, akatangulia ndani. Watu waligeuka. Alitembea katikati mpaka benchi ya mbele, hakufanya haraka hata kidogo, akanisogezea nafasi.

Picha amezibandika zote ukutani kwa ugali wa mihogo, hana gundi. Wanaokuja kusalimia anawaonyesha moja moja. "Huyu njo Mama Francine. Huyu njo papa ya Uwamariya, muangalie namna anakata nyama." Anawajua watu wa Sake kuliko mimi.

Nimemwambia lazima nirudi, kuna wewe, na kuna simu za watu. Amesema sitaondoka kabla hajazoea. Nikamuuliza, "Mama, itachukua muda gani?"

Akasema, "Weye lima tu."

Floribert wako